Nilivyoitafuta meli ya kaka yangu baharini nikiwa juu ya mapaa ya watu Korogwe

Wakuu, nawasalimu wote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Leo naandika kitu kilichotupata mimi na familia yangu. Sijaongeza chumvi hata punje. Nimebadilisha majina ya watu tu, na jina la meli nalificha kwa sababu mambo yake bado yako mikononi mwa wahusika.

Mimi ni fundi madishi, naishi Kwamndolwa hapa Korogwe. Shule niliishia form four, na cheti changu nikikipiga picha nikakiweka hapa mtacheka mpaka bando likate. Lakini dishi nalijua. Nipe ungo, nipe LNB, ile pua ya dishi, na spana moja, nitakutafutia signal hata nyuma ya mlima.

Na tangu nimeanza kazi hii kuna jambo linanisumbua kwa raha. Kwamba kule juu, mbali kuliko mawingu, kuna chombo kimetulia, na mimi huku chini nikisogeza ungo upana wa kucha tu, tunakutana. Mteja anashangilia picha imetoka. Mimi nabaki juu ya bati natazama mbingu kama mjinga. Mafundi wenzangu wananiita Profesa wa Mawingu. Sawa tu, jina halitoboi bati.

Ila miaka yote niliamini kitu kimoja. Niliamini kazi ya satelaiti ni kutema. Inatema picha, sisi huku tunakinga, kama mvua na ndoo. Sikuwahi kufikiri kwamba zipo zinazosikiliza, na zipo nyingine zinazopapasa.

Twende taratibu.

Kwetu ni Handeni, kijijini, Wazigua wa jembe. Baba alishatangulia mbele ya haki. Yupo Mama, yupo kaka yangu Mhina, yupo mke wake Mwanaidi, na mwenye kauli ya ukoo ni Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba.

Mhina hajui hata kuogelea. Bwawa la kunyweshea ng'ombe alikuwa analipita kwa mbali. Sasa mtu huyo huyo akapata kazi kwenye meli ya uvuvi, meli ya kigeni, kupitia wakala wa Dar. Siku anaondoka alinitumia picha WhatsApp, amesimama kwenye meli amevaa gamibuti, anacheka meno yote nje. Nyuma yake limening'inia boya la kuokolea watu lenye maandishi.

Hiyo picha ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Mwezi wa kwanza hapatikani. Tukasema bahari haina minara. Mwezi wa pili, wa tatu, hapatikani. Wakala naye simu ikawa haiiti. Mwezi wa nne mtu akaleta habari kijijini kwamba kuna meli ya wavuvi imezama. Meli gani, wapi, hajui. Yeye kasikia tu.

Mwezi wa tano, mahindi yamekwisha vunwa, Baba Mkubwa akaita kikao. Akasema Ijumaa ya wiki inayofuata tumsomee Mhina hitma, roho zetu zitulie.

Najua humu kuna mashehe mtasema mtu aliyepotea ana taratibu zake. Hata imamu wetu alisema hivyo hivyo. Baba Mkubwa akajibu kwamba yeye hazungumzii eda wala mirathi, anazungumzia dua. Lakini wote tulielewa. Hitma ikishasomwa, kijiji kitakuwa kimemzika. Mwanaidi angeanza kuitwa mjane kisimani, na wangekuja watu na maneno yao.

Mama alisema jambo moja tu. "Shemeji, nani kamwona Mhina amekufa?"

Baba Mkubwa akamjibu kwa upole, "Na nani kamwona yuko hai?"

Nikarudi Korogwe na hilo swali kama mwiba wa samaki kooni.

Siku tatu baadaye nikaitwa Vugiri kufunga dishi kwa mzee mmoja mstaafu. Wanaopajua Vugiri wanajua, ukungu wa kule unaweza kuukata kwa panga. Nahangaika juu ya paa, signal inakuja inakimbia, nami naibembeleza kwa sauti, "njoo mama, njoo, usiogope."

Chini nikasikia mtu anacheka. Binti wa yule mzee, yuko likizo kwa wazazi. Nimwite Madam Stela.

"Fundi, unaongea na satelaiti au na mchumba?"

Nikamwambia ukweli, kwangu havina tofauti, vyote viko mbali na vyote havina habari na mimi.

Akacheka tena, akaniita nishuke ninywe chai. Kumbe yeye kazi yake ni kufuatilia meli za uvuvi. Anakaa ofisini, nchi kavu, anatazama bahari kwenye skrini. Nikadhani ananitania. Akafungua laptop yake.

Akasema, "Vya ofisi sikuonyeshi. Lakini hii ramani ni ya wazi, hata wewe kwenye simu yako itafunguka."

Wakuu, nilichokiona sijui nikieleze vipi.

Bahari yote ya Hindi imejaa nukta, kama ulezi umemwagika kwenye ungo. Kila nukta ni chombo chenye watu ndani. Huyu anakwenda kaskazini, huyu amesimama, huyu anazunguka.

Akanieleza kwamba meli kubwa hubeba kifaa kinachotaja kila mara jina la meli, iko wapi na inakwenda kasi gani. Kiliwekwa ili meli zisigongane. Sasa huko juu zipo satelaiti zinazopita na kusikiliza zile sauti, halafu zinaziandika kwenye ramani.

Zinasikiliza! Chai ilipoa mkononi. Mimi nilidhani zinatema tu.

Ndipo nikakumbuka boya. Nikatoa simu, nikakuza ile picha ya Mhina, herufi zikasomeka. Nikamwomba Madam Stela aandike hilo jina.

Akaandika. Ramani ikafikiri kidogo. Halafu ukatokea mstari, umetoka bandarini, umekwenda baharini, umepinda, umerudi, umekwenda tena. Miezi mitano ya kaka yangu, imechorwa kama uzi wa kushonea.

Niliugusa kwa kidole. Ni skrini ya mtu, najua haifai. Madam hakunikemea.

Meli haikuzama ule mwezi waliosema! Ilikuwa inatembea! Nikaanza kukusanya spana huku machozi yanatoka. Madam akaniambia, "Fundi subiri kwanza, nikuonyeshe na tarehe." Mimi hata sikumsikia. Nilimwachia namba yangu, nikachukua yake, nikaruka kwenye bodaboda. Dishi la mzee nililiacha na bolti mbili.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo likinijia nafumba macho.

Nilifika nyumbani Handeni mchana ule ule, naingia uani napiga kelele, "Mhina yuko hai! Meli yake nimeiona!"

Mwanaidi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kuku wawili wakafukuzwa. Mama alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Baba Mkubwa naye akaja, akakaribishwa kwenye jamvi, akanisikiliza vizuri sana mambo yangu ya satelaiti.

Tunakula, akauliza swali dogo, "Sasa hivi iko wapi?"

Nikafungua simu kwa madaha ili waone. Mtandao ulikuwa kijiti kimoja. Ramani ikaja pole pole, mstari ukaja. Nikaufuata kwa kidole, hapa, hapa, hapa, mpaka mwisho.

Na mstari kweli ulikuwa na mwisho. Ulikatika katikati ya maji. Nikasoma tarehe. Siku kumi na tisa zilizopita.

Baada ya hapo, hakuna kitu.

Baba Mkubwa hakufoka. Afadhali angefoka. Alinawa mkono akasema, "Kwa hiyo mwanangu, haikuzama ule mwezi. Imezama siku kumi na tisa zilizopita."

Mwanaidi alikuwa ameshika paja la kuku. Alilirudisha kwenye sahani taratibu, akaingia ndani.

Wakuu, mimi ndiye niliyemfufua mume wake mchana na kumuua jioni. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba shambani, nikakaa kwenye mabua ya mahindi, nikalia kama mtoto. Msinicheke.

Sasa kule shambani alikuwepo Saning'o. Ni Mmasai, jirani yetu wa siku nyingi, rafiki wa Mhina tangu wakiwa wadogo. Tukishavuna huwa tunamruhusu alishie mabua, ng'ombe wanashiba na sisi tunapata mbolea. Alikuwa anakusanya mifugo arudi bomani.

"Ero," akaniita kwa Kimasai, "msiba wa nani?"

Nikamweleza yote. Akachukua simu, akaiweka karibu na pua. Huyu jamaa hajakaa darasani zaidi ya miaka mitatu, lakini aliitazama ile ramani kwa namna ambayo mimi fundi sikuitazama.

Akasema, "Hapa alikuwa anasafiri." Akaonyesha mahali mstari umenyooka. "Hapa alikuwa anakula." Akaonyesha mahali mstari umejipinda pinda, kwenda na kurudi. "Ng'ombe ndiyo hivyo. Akisafiri ananyooka. Akifika kwenye majani anazunguka."

Nikashtuka kidogo. Ni kweli, pale ilipokuwa inapinda pinda kasi ilikuwa ndogo.

"Na hili lililokatiza baharini ni nini?" Anamaanisha mstari mwingine, mweupe.

"Huo ni mpaka. Ndani ya hapo ni bahari ya Tanzania."

"Na kengele imenyamaza hapa, mpakani?"

"Kengele gani?"

"Si umesema meli inataja jina lake? Hiyo si ndiyo kengele?" Halafu akaanza kucheka. Kicheko cha kushika mbavu.

Nikakasirika. "Saning'o, mimi nalia, wewe unacheka?"

"Nacheka kwa sababu wewe mtu wa jembe hujui kitu. Sikiliza. Ng'ombe akitumbukia shimoni, kengele inanyamaza popote pale. Lakini kengele ikinyamaza kwenye ukingo wa shamba la mtu, hiyo haijafa. Hiyo imejazwa majani."

Akanieleza. Kijana akitaka kuingiza ng'ombe kwenye shamba la watu bila kusikika, anachuma majani, anayasokota, anaijaza ile kengele ya shingoni. Ng'ombe anakula mahindi kimya kimya. Akishiba anatolewa nje, majani yanatolewa, kengele inalia tena kama hakuna kilichotokea.

"Umejuaje yote haya?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni. "Shamba la baba yako. Zamani. Alituchapa, mimi na Mhina wote."

"Mhina? Kwenye shamba letu wenyewe?"

"Yeye ndiye alikuwa anachuma majani."

Nilicheka huku machozi hayajakauka.

Nikatafuta kichuguu chenye mtandao nikampigia Madam Stela. Nikamwomba radhi kwa bolti za mzee, halafu nikamweleza habari ya kengele na majani. Akauliza haraka:

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mmasai mmoja, jirani."

"Mwambie ofisini kwetu angepewa kiti. Nilitaka kukuonyesha kitu hicho hicho, ukakimbia."

Ndipo akanifundisha jambo la pili, na hili ndilo linanifanya mpaka leo nikipanda paa nitazame juu mara mbili.

Zipo satelaiti nyingine ambazo hazingoji meli itaje jina. Hizo ni za rada. Zinapita juu, zinatuma mawimbi chini, mawimbi yakigonga chuma yanarudi. Giza haliwi kizuizi. Wingu haliwi kizuizi.

Wingu, wakuu! Mimi mvua ikinyesha kubwa wateja wananipigia simu kwa matusi, picha imeganda. Nimetoka kushindana na ukungu wa Vugiri. Halafu naambiwa kuna kitu kinapapasa uso wa bahari nzima kupitia mawingu, kama bibi kizee anavyopapasa ungo wa mchele gizani, na mkono wake ukikuta kokoto unajua hii ni kokoto.

Akanielekeza nibonyeze wapi. Nikabonyeza. Kwenye ile bahari tupu, upande wa ndani wa mpaka wetu, ikatokea nukta haina jina. Tarehe yake ni siku nne baada ya kengele kunyamaza. Nikasogeza mbele. Nyingine, siku kadhaa baadaye, palepale karibu.

"Urefu unakaribiana na wa meli ya kaka yako," akasema. "Lakini siwezi kukuapia kwamba ni yenyewe. Nitumie ile picha ya boya na jina kamili. Nitaipeleka panapohusika. Na usiweke matumaini kupita kiasi, fundi."

Nilirudi ndani. Safari hii sikupiga kelele. Nilimleta na Saning'o, nikamwachia aeleze mwenyewe, na Baba Mkubwa aliposikia habari za majani na shamba la marehemu ndugu yake alikuna ndevu muda mrefu.

Mama ndiye aliyeuliza. "Hicho kitu kimemwona Mhina?"

"Hapana, Mama. Kimeona meli. Na hata meli yenyewe hatuna uhakika nayo."

"Kwa hiyo mwanangu yuko na wezi?"

Saning'o akadakia, "Yeyo, mama yangu, afadhali hai na wezi."

Mama akamtazama. "Akirudi nitamchapa, na wewe pamoja naye, kwa lile shamba." Halafu akamgeukia Baba Mkubwa. "Shemeji, hitma haiozi. Tungoje."

Baba Mkubwa hakusema ndiyo wala hapana. Lakini Ijumaa ile ilikuja, watu wakaenda msikitini, wakarudi, na hitma haikusomwa.

Kungoja ni kazi, wakuu. Saning'o aliniambia neno moja wakati tunaagana: "Kengele ikinyamaza, usiitafute kengele. Kaa kwenye maji. Ng'ombe lazima anywe." Meli nayo, Madam aliniambia, siku moja lazima itafute bandari, kwa mafuta na kushusha samaki.

Basi kila asubuhi nikishapanda paa la mtu, kabla sijagusa dishi, nafungua ramani. Kwamndolwa, Mombo, Mpale, popote kazi iliponipeleka. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya tano hakuna. Ya tisa hakuna. Wateja walidhani natafuta signal. Ni kweli nilikuwa natafuta.

Siku ya kumi na tatu, niko Mombo juu ya paa la mgahawa. Ramani ikafunguka. Nukta! Jina! Iko nje ya mpaka, na mstari mpya umenyooka kama kamba, unaelekea bandarini.

Majani yametolewa kwenye kengele.

Nilipiga ukelele, mwenye mgahawa akatoka mbio akidhani nimeanguka. Nikampigia Madam. Akasema tu, "Tumeiona na sisi. Tulia." Kumbe hawakuwa wanaingoja kwa sababu yangu. Walishakuwa wanaifuatilia kabla, na picha yetu ya boya ilikuwa kajiwe kamoja kwenye ukuta wao. Nasema hili ili asije mtu humu akaniita shujaa.

Siku chache baadaye Mama akapigiwa simu na namba ngeni. Sikuwepo, nimesimuliwa na Mwanaidi. Anasema Mama aliitika, akasikiliza, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umekula?" Ndipo simu ikamdondoka.

Mhina alirudi kwa basi, amekonda, viganja vimechanika kwa kamba na ndoano. Alieleza kwamba wiki ya kwanza tu nahodha aliwanyang'anya simu. Siku moja wakaambiwa kile kifaa kimeharibika, na kuanzia hapo wakawa wanavua usiku na mchana. Papa walikatwa mapezi tu, mwili ukatupwa baharini ungali unapumua. Alipofika hapo akaomba maji.

Akasema meli ilipofika bandarini walipanda maofisa na karatasi. Nahodha akakana, akasema hakuwahi kuvuka mpaka. Wakamwekea mezani karatasi yenye zile nukta zisizo na jina, na tarehe zake. Mhina alikuwa mlangoni, aliona. Anasema yule bwana alitazama juu kwenye dari, kama mtu anayetafuta ni wapi alipochunguliwa.

"Tulikuwa tunajua hakuna anayetuona," Mhina akaniambia. "Maji pande zote. Nikawa nasema, hata nikifa hapa nani atajua?"

Nilimwonyesha ule mstari kwenye simu. Aliufuata kwa kidole, kama nilivyoufuata mimi.

Jioni ile, baada ya watu kutawanyika, Mama alinivuta uani. (Bakora alishawatia Mhina na Saning'o, mbili mbili, kwa ufito wa mpera. Saning'o alicheka mpaka fimbo ikavunjika.)

Akaniuliza, "Hicho kilichomwona mwanangu kinakaa upande gani?"

Mimi ni fundi, nimezoea kujibu hilo swali. Za televisheni zinakaa mahali pamoja, nakuonyesha kwa kidole. Lakini hizi si hivyo. "Hizi hazikai, Mama. Zinapita tu, zinazunguka dunia. Sasa hivi labda iko juu ya nchi nyingine."

"Kwa hiyo ni msafiri."

"Ndiyo, Mama."

Akajifunga kanga vizuri kama anamsindikiza mgeni, akatazama juu. "Basi apite salama. Na wengine walioko huko awaone."

Wakuu, mimi nimefunga madishi mengi, lakini siku hiyo ndiyo nilijua kwa nini huwa nabaki juu ya bati naishangaa mbingu.

Nilichojifunza ni hiki. Ndugu yako akipanda meli, usipokee picha ya meno tu. Chukua jina la meli kamili na namba yake, ile ya kudumu isiyobadilika hata rangi ikibadilishwa, iandike mahali. Na mtu akikwambia subiri nikuonyeshe na tarehe, subiri. Na bahari ile tusiyoiona huku Handeni ni shamba letu pia, kuna watu wanaingiza ng'ombe wakati sisi tumelala.

Mwenye ndugu baharini asiyepatikana aandike hapa chini, nitamwelekeza jinsi ya kuifungua hiyo ramani. Na wale mliowahi kujaza majani kwenye kengele mkiwa wadogo, njooni mkiri, mashamba ya wazazi wenu yanawasubiri.

Dishi la mzee wa Vugiri nilirudi nikalimalizia. Bolti zote nne.